Mawe Mawili kwenye Kibaraza cha Bibi Avonna

Bahari haina mwenyewe, lakini njia ya kuifikia inaye, na mara nyingi mwenyewe huyo ana mbwa. Hilo Orrin Eisnor alilijua kuliko alivyozijua sala zake. Sheria ya Nova Scotia inasema ufuko, mpaka pale maji yanapokomea yakijaa, ni mali ya kila mtu. Haisemi utafikaje huko ukiwa na mtungi wa hewa ya kuzamia mgongoni, mkanda wa vipande vya madini ya risasi wa kilo kumi na nane kiunoni ili uzame, na suti nene inayokutembeza kama bata aliyevimbiwa.

Kwa miaka ishirini na sita, kila Jumamosi ambayo hakuwa na safari ya basi la shule alilokuwa akiliendesha, Orrin alizunguka pwani ya kusini akitafuta vitu viwili tu: pa kuingilia majini na pa kujazia mitungi. Ukipata kimoja bila kingine, una kiberiti bila sigara. Yote aliyaandika kwenye daftari lenye jalada la plastiki. Mahali penye mbwa wa kweli na mahali penye kibao tu cha mbwa. Mahali ambapo mzee ataka chupa ya ramu ndipo afungue lango. Mahali ambapo mjane ataka mume. Hapo Orrin alipita mara moja, mbio, na hakurudi.

Upande wa mitungi, mambo yalizidi kuwa mabaya kila mwaka. Wajazaji walikuwa wanne. Mmoja alikufa, mmoja alihamia Alberta, wa tatu kompresa yake ya kushindilia hewa ilianza kutema mafuta ndani ya hewa naye akaona heri auze baiskeli. Akabaki Garnet Tanner, fundi wa misumeno ya injini, mwenye kompresa nyuma ya karakana yake, kilomita hamsini za kona kutoka popote pa maana. Garnet alifunga saa kumi na moja jioni. Si saa kumi na moja na dakika mbili. Ungemkuta anapindua kibao mlangoni huku akikutazama machoni kupitia kioo.

Na upande wa bahari, katika daftari zima palikuwa na mahali pamoja palipozungushiwa duara jekundu: Hori ya Mnandi, mkono mdogo wa bahari ulioingia nchi kavu. Mawimbi ya kusini yakija, pwani yote huchemka kama sufuria ya viazi, lakini hori ile imeipa bahari kisogo. Unaingia taratibu kwenye maji ya nyuzi saba, unashuka ukuta wa mwamba mita ishirini, na ukuta wote umejaa maua ya bahari meupe na ya waridi, na katika kila ufa samaki mwenye uso wa mkopeshaji. Njia ya kushukia ilikuwa moja tu. Ilipita uani kwa Bibi Avonna Knickle, chini ya kamba yake ya nguo, nyuma ya kibanda cha zamani cha samaki.

Bibi Avonna alikuwa na miaka themanini na mitatu na ulimi kama kisu cha kuparia magamba. Hakutaka ramu wala mume. Alitaka mawe.

Kando ya lango lake palikuwa na ndoo yenye mawe ya ufukoni, laini, ya ukubwa wa ngumi. Kila anayekwenda kuzamia alichukua jiwe lake, akalipanga juu ya ukingo wa kibaraza, mbele ya dirisha la jikoni. Ukitoka majini ukiwa hai, unalirudisha ndooni. Jiwe moja, mtu mmoja. Magari yaliachwa kanisani, kwenye njia panda, kwa sababu ua wake ulikuwa mwembamba. Kwa hiyo bibi hakuhesabu magari, alihesabu mawe. Jiwe likikaa mpaka jua linainama, anapiga simu kwa zimamoto. Kaka yake Basil alitoka peke yake kutazama nyavu, zamani, bila kumwambia mtu. Walianza kumtafuta kesho yake adhuhuri, na adhuhuri ile haikuwa na faida tena.

Jumamosi ile ya Oktoba, Orrin alikuja na mwenzake wa kuzamia, Delphine Comeau, muuguzi wa miaka thelathini na minne kutoka upande wa Wafaransa. Bibi alikuwa dirishani.

"Kijana!" alimwita Orrin, ambaye alikuwa na miaka hamsini na saba. "Umenenepa. Hilo jiwe chukua kubwa."

"Ni suti, Bibi."

"Suti haina kidevu. Na wewe Mfaransa wangu, unamwamini huyu majini?"

"Majini namwamini," Delphine alisema. "Nchi kavu ndiyo ana matatizo."

Waliweka mawe mawili ukingoni na kushuka.

Walizamia mara mbili, na mitungi yote minne ikaisha. Walipotoka, saa tisa na nusu, ukungu ulikuwa unatambaa kutoka nje kama mtu anayekuja kudai. Vidole vya Orrin havikusikia kitu, lakini moyo wake ulikuwa unaruka. Kesho yake alfajiri maji ya bamvua yangekupwa kuliko siku yoyote ya mwaka, na penye Rasi ya Gati Bovu ungejitokeza mwamba wa kukanyagia, na chini ya mwamba ule, kwa hesabu zake, ulilala mtungi wa mvuke, ule wa kuchemshia maji ya injini, wa meli iliyozama zamani. Alikuwa akiutafuta miaka tisa. Alihitaji hewa tu. Na hewa ilikuwa kwa Garnet, na Garnet alikuwa na kibao chake.

"Tukiondoka sasa hivi tunawahi," alisema. "Wewe kimbia kalete gari mpaka langoni. Mawe niachie mimi."

"Una hakika?"

"Binti, nimetoa mawe haya tangu wewe unang'oka meno ya utoto."

Delphine alikwenda. Orrin alipanda njia na mitungi miwili, mmoja kila mkono. Alifika kibarazani. Jikoni kulikuwa kimya. Bibi alikuwa kwenye usingizi wake wa alasiri. Mawe yale pale. Mikono imejaa. Akasema moyoni, nipeleke hii, nirudie mingine miwili, halafu mawe. Akarudi akachukua mingine miwili, mikono ikajaa tena. Gari likapiga honi. Akatupa mitungi nyuma, akaruka ndani, akasema, "Kanyaga!"

Ndivyo tu. Hakuna shetani aliyempitia. Mtu alikuwa na mikono miwili na haraka moja.

Walimkuta Garnet mlangoni, mkono tayari umeshika kibao. Saa kumi na dakika hamsini na sita.

"Eisnor," alisema kwa huzuni ya kweli. "Nilikuwa nimeanza kufurahi."

"Minne, Garnet. Mpaka juu kabisa."

"Minne! Unadhani hii ni bomba la maji? Hewa nikiijaza mbio inapata moto, ikipoa unakuja kunilalamikia nimekuibia. Iache kwenye pipa la maji, ipoe, ijae polepole. Uje saa moja. Nenda ukale, leo ukumbi wa zimamoto wanapika maharage."

"Wewe si unafunga saa kumi na moja?"

"Nimefunga. Humwoni mtu hapa." Akapindua kibao.

Basi wakaenda kula. Kila Jumamosi ya pili ya mwezi, zimamoto wa kujitolea wa kijiji kile huoka maharage kwa nyama ya nguruwe na molasi, kutwa nzima, na kuyauza kwa mkate wa kahawia ili wanunue mipira ya maji. Ukumbi ulikuwa na joto, madirisha yametoa jasho. Orrin alijipakulia mara ya pili. Simu yake ilikuwa kwenye mfuko wa mapezi ya kuzamia, ndani ya gari, imezimwa ili ihifadhi chaji. Alikuwa akimchorea Delphine ule mtungi wa mvuke kwenye kitambaa cha karatasi, pale ambapo vidude vya kuwaitia zimamoto, viunoni mwa wapishi, vilianza kulia, kimoja, viwili, vyote kwa pamoja kama vyura.

Mkuu wao, jitu lenye aproni ya maua, alisoma kwa sauti: "Wazamiaji wawili hawajatoka. Hori ya Mnandi. Wanataka boti yetu ya mpira."

Viti vikasukumwa. Mtu akazima jiko. Wanawake wakaanza kujaza kahawa kwenye chupa. Orrin alikuwa na kijiko kinywani. Alimtazama Delphine na Delphine alimtazama yeye, na uso wa Delphine ulikuwa unabadilika polepole, kama unavyobadilika uso wa muuguzi anaposoma karatasi ya mgonjwa.

"Mzee," alisema. "Mawe."

Orrin aliinuka. Alitaka kusema taratibu, ila ukumbi ulikuwa umenyamaza kusikiliza amri, na sauti yake ikaenda mpaka ukutani.

"Ni sisi. Hatujapotea. Tuko hapa tunakula."

Halafu mzee mmoja akacheka, na cheko likashika, na mkuu wa zimamoto akafuta paji la uso kwa aproni na kusema, "Mungu wangu, wamekufa na maharage mdomoni!" Hata Orrin alicheka, kwa aibu. Kicheko kile alikuja kukikumbuka.

Maana mkuu alipopiga simu kusimamisha msako, alisikiliza muda mrefu, akaacha kucheka.

"Ninyi mmeonekana," alisema. "Bibi hajaonekana."

Bibi Avonna aliamka saa kumi na moja, akaona mawe mawili na ukungu mpaka dirishani. Akapiga simu. Kisha, kwa kuwa zimamoto wana mwendo wao na bahari ina wake, akachukua sufuria na mwiko, akashuka njia ile hadi kwenye miamba, akaanza kupiga, ili walio ndani ya ukungu wajue nchi kavu iko upande gani. Alipiga karibu saa nzima. Majirani walisikia, lakini katika ukungu sauti haina mahali. Ilipokoma, walidhani wazamiaji wametoka.

Zimamoto walimkuta amelala kwenye mwani, nyonga imevunjika, maji yakimgusa viatu. Alikuwa bado ameushika mwiko. Mtu wa kwanza aliyemfikia alimuuliza jina lake, kama wanavyofundishwa kuuliza. Alijibu, "Wawili. Mmoja Mfaransa."

Penye Rasi ya Gati Bovu bamvua lilikupwa alfajiri, likajaa, hakuna aliyekwenda.

Baada ya hapo pwani ilimpa Orrin haki yake. Aliandika barua kwa zimamoto wa vijiji vitatu akiomba radhi. Alikwenda kwa nahodha wa boti ya kambakoche aliyeng'oa nanga bure, akaomba radhi, nahodha akamwambia asijali, kisha akawasimulia wote gatini. Akiingia mgahawani, mtu fulani huchukua kijiko akagonga kikombe, ting ting ting, bila kuinua macho. Kwenye basi la shule watoto walijifunza kugonga vikopo vyao vya chakula kwenye viti. Hakuwakemea. Angewaambia nini?

Wazamiaji wenzake hawakugonga kitu. Wao walimwuliza jambo moja tu: njia je?

Maana mtoto wa bibi, Kendall, alikuja kutoka Alberta, akamweka mama yake katika nyumba ya wazee mjini, akafunga mnyororo kati ya nguzo mbili za lango. Nyumba ingeuzwa majira ya kuchipua. Orrin alimpigia, akaomba radhi kwa dakika kumi, halafu akauliza habari za njia. Kendall alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Nyumba ni ya mama," alisema mwishoni. "Muulize mwenyewe. Kama uso unao."

Katika chama cha wazamiaji alikuwepo mwanasheria. Aliandika karatasi moja, safi: Bibi Avonna Knickle anawapa watu haki ya kupita kwa miguu kwenda Hori ya Mnandi, milele, hata ardhi ikiuzwa. Sahihi moja tu ilikosekana. Bila sahihi ile, mnunuzi yeyote angeweka ukuta, na mahali pekee palipotulia wakati wa mawimbi ya kusini pangebaki kwenye daftari la Orrin kama jina la marehemu. Wote walikubaliana kwamba anayemjua bibi zaidi ni Orrin.

Delphine alimpeleka, Jumapili ya kwanza ya Desemba. Yeye alikuwa ameshakwenda mara tatu peke yake. Akazima gari nje. "Leo zamu yako," alisema. "Mimi nangoja."

Bibi alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, amepungua, kama nguo iliyofuliwa kwa maji ya moto. Ulimi haukupungua.

"Nani huyo? Kijana?"

"Ndiye mimi, Bibi."

"Keti. Si hapo! Hapo pa Myrtle, jirani yangu wa chumba, atakuuma."

Orrin aliketi kwingine. Alimpa chupa ya samaki heringi waliotiwa siki. Bibi aliigeuza kwenye mwanga, akaiweka pajani.

"Siku ile," alisema. "Nilipokuwa napiga sufuria. Mlikuwa wapi?"

"Ukumbi wa zimamoto, Bibi."

"Mkifanya nini?"

"Tukila."

"Nini?"

"Maharage."

"Meupe au ya manjano?"

"Ya manjano."

"Na mkate wa kahawia?"

"Ulikuwepo."

"Mtamu?"

Orrin alitazama viatu vyake. "Mtamu, Bibi."

"Vizuri. Afadhali mtu mmoja alifaidi." Akaisogeza chupa pajani. "Umepita uani kwangu miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Ulishawahi kuja siku isiyo ya kuzamia?"

Alitafuta. Kwa kweli alitafuta. Alipekua mwaka baada ya mwaka kama anavyopekua daftari. Aliikumbuka hali ya bahari ya kila siku aliyopita pale, upepo wake, kupwa na kujaa kwake. Dirisha lilikuwepo katika kila moja ya siku hizo, na bibi dirishani, na hapo kumbukumbu iliishia.

"Nadhani hapana," alisema.

"Na mimi nadhani hivyo. Una nini mfukoni? Umekishika tangu umeingia, kama mtoto aliyeiba biskuti."

Akatoa karatasi. Alikuwa ameandaa maneno, yakatoka yote kwa mpigo: jinsi hori ilivyo ya pekee, jinsi vijana wanavyojifunzia pale, jinsi jina lake litakavyowekwa kwenye kibao, jinsi chama kitakavyofunga sanduku langoni lenye kitabu, kila mtu aandike anapoingia na anapotoka.

Bibi alivaa miwani, akasoma mstari kwa mstari, midomo ikicheza.

"Nani atakisoma hicho kitabu jioni?"

"Tutapeana zamu."

"Na sanduku litapiga sufuria?"

Bibi aliikunja karatasi mara mbili, akaipigapiga iwe bapa, akamrudishia.

"Aliyeandika ana mkono mzuri," alisema. "Mpelekee."

"Bibi, ni sahihi tu. Hutapoteza kitu."

"Sina cha kupoteza, ndiyo maana wamenileta hapa. Nenda, kijana. Wanagonga kengele ya chakula, na Myrtle akitangulia anamaliza siagi."

Mhudumu akaja akamsukuma. Orrin alisimama kidogo katikati ya chumba, karatasi mkononi, kisha akatoka nje kwenye theluji nyepesi. Delphine aliwasha gari.

"Ametia sahihi?"

"Hakutia."

"Alisema kwa nini?"

"Hakusema. Aliniuliza habari za maharage." Alifunga mkanda. "Nilimweleza kila kitu, Delphine. Kibao, kitabu, vijana. Kila kitu."

"Akasemaje ulipomwomba radhi?"

Orrin alifungua kinywa. Waliombwa radhi zimamoto wa vijiji vitatu, kwa barua. Aliombwa nahodha. Aliombwa Kendall, dakika kumi. Delphine mwenyewe aliombwa mpaka akachoka, akamwambia akome. Alihesabu wote, akarudia kuhesabu.

Delphine alimtazama. Kisha akanyoosha mkono, akazima gari.

"Nenda," alisema. Hakumwita mzee.

Akarudi. Ukumbi wa chakula ulikuwa na meza sita na harufu ya supu ya samaki. Bibi Avonna alikuwa meza ya mwisho, kitambaa shingoni, chupa ya heringi mbele yake imeshafunguliwa na Myrtle ameshajihudumia. Alimwona tangu mlangoni.

"Umesahau nini tena?" alipaza sauti.

Vijiko vyote vikasimama. Nyuso ishirini za wazee zikamgeukia. Orrin alipita katikati ya meza, theluji ikiyeyuka kwenye kofia, akafika, akavua kofia.

"Nimekuja kukuomba radhi, Bibi. Kwa siku ile. Sikukuomba."

Bibi Avonna alimtazama kwa muda, bila ukali, kama mtu anayetazama bei ya kitu alichokwisha kuamua kutonunua.

"Ungeanza na hilo," alisema, akarudi kwenye supu yake.